Sanduku Lenye Funguo Mbili

Ndugu msomaji, wazee wetu walituachia methali moja ambayo sipendi watoto waisikie mapema: Penye udhia penyeza rupia. Rupia zilikwisha zamani, lakini methali ingali hai. Wewe na mimi twaisikia kila siku kwa majina mengine: chai, asante, kitu kidogo, kuzunguka mbuyu. Leo nataka nikupe habari za mtu mmoja aliyetumia miaka yake mingi kuufuata mbuyu huo mji kwa mji, apate kuona ni akina nani hasa wanaouzunguka.

Mtu huyo ni Lincoln Steffens, Mmarekani, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1866. Kitabu chake kiitwacho The Shame of the Cities, yaani Aibu ya Miji, kilitoka mwaka 1904. Mimi nilikisoma kwanza chuoni nilipokuwa nikijifunza ualimu, na Kiingereza chake kilinitoa jasho. Tangu niwe karani wa parokia nimekirudia mara nyingi, kwa maana kinasimulia habari za madaftari na masanduku ya fedha, na ugali wangu watoka huko huko.

Alianza kazi ya gazeti mjini New York mwaka 1892, akapangiwa kuandika habari za polisi. Mwaka 1894 tume ya baraza la jimbo ilisikiliza mashahidi, ikadhihirika kwamba askari walikuwa wakitoza fedha kwa wenye nyumba za kamari na madanguro, na hata kwa wafanya biashara wa halali. Hapo Steffens akajifunza kwamba fedha ya rushwa haikai mfukoni mwa yule aliyeipokea, hupanda ngazi. Mwaka 1901 aliajiriwa na gazeti la kila mwezi liitwalo McClure's, na muda si mrefu akaagizwa atoke ofisini akaone nchi. Basi akaipanda ngazi ile ile katika mji baada ya mji.

Mwaka 1902 akafika St. Louis. Huko mwendesha mashtaka alikuwa kijana aitwaye Joseph Folk. Folk alikuwa ameona gazetini kipande kidogo cha habari, mistari michache tu, ya kwamba yasemekana ziko fedha benki zimewekwa ili kuwahonga madiwani. Mwingine angalikunja gazeti akafungie samaki. Yeye aliita watu, mmoja baada ya mmoja, akawauliza. Kampuni moja ya magari ya reli ya mjini ilikuwa ikitaka kibali, na bei ya kibali hicho ilikuwa dola 135,000: dola 75,000 kwa madiwani wa baraza moja, na 60,000 kwa wenzao wa baraza la pili.

Sasa tazama werevu wao. Kampuni haikuwaamini madiwani iwalipe kabla ya kura, wala madiwani hawakuiamini kampuni wangoje kulipwa baadaye. Basi fedha zikafungiwa katika masanduku ya benki yenye funguo mbili, ufunguo mmoja kwa mjumbe wa kampuni, mwingine kwa mjumbe wa madiwani, sanduku lisifunguke mpaka wote wawili wawepo. Kisha mahakama ikakizuia kile kibali. Kampuni ikasema, hatulipi. Madiwani wakasema, kura zetu tumekwisha zipiga. Pakawa na ugomvi, ugomvi ukazaa maneno, na maneno yakafika gazetini. Folk akawaita mkuu wa kampuni na mjumbe wake, akawapa siku chache wachague: ama wawe mashahidi, ama wawe washtakiwa. Ushahidi wa kutosha mkononi hakuwa nao! Lakini wao hawakujua, wakasema yote. Mkuu wa benki akakataa kufungua sanduku, akaonywa, akafungua. Fedha zikakutwa zimelala humo.

Hapa kwetu sanduku la fedha za parokia nalo lina funguo mbili, mmoja kwa Baba Paroko na mmoja kwa mweka hazina. Niliposoma habari ile nilicheka peke yangu, nikasema, wezi wa St. Louis wametunza fedha za wizi kwa uangalifu kuliko baadhi ya vigango vinavyotunza za halali. Ila kicheko kilinikauka upesi. Sisi tumezoea kumtazama mwenye ufunguo mmoja tu, yule anayepokea, twamwita fisadi na jina lake twalitangaza mpaka kilabuni. Yule wa ufunguo wa pili, anayetoa, twamwonea huruma: maskini, amelazimishwa. Steffens alimtazama huyo wa pili, akakuta mara nyingi ni bwana mkubwa wa biashara, mwenye heshima zake mjini, alalamikaye kila siku juu ya siasa chafu.

Akaenda na Minneapolis. Meya wa huko, Albert Ames, alikuwa daktari. Aliwatibu maskini asiwadai kitu, nao wakampenda, wakamchagua mara nne. Aliposhika kazi mara ya nne, mwaka 1901, akamfanya ndugu yake kuwa mkuu wa polisi. Katika askari 225 wakafukuzwa 107, na ukuu wa upelelezi akapewa mtu aliyekuwa mcheza kamari. Wezi wakaruhusiwa kufanya kazi yao kwa kugawana na polisi, pamoja na wachezesha karata za ulaghai, ndugu zao wale wa karata tatu wa stendi zetu. Matapeli hao, ili wasipunjane, walikuwa na daftari, na kila walichompa mkubwa wakakiandika humo. Mwaka 1902 raia walioapishwa kuchunguza makosa, wakiongozwa na mfanya biashara wa mbao aitwaye Hovey Clarke, wakalipata daftari hilo. Waliahidiwa fedha, wakatishwa kuuawa, wasiache. Na Steffens akaichapa picha ya daftari lenyewe katika gazeti la Januari 1903, kila mtu ajionee. Mimi karani nalielewa jambo hili vizuri. Mtu aweza kuidanganya dunia nzima, lakini hesabu zake mwenyewe hana budi kuziandika sawa.

Habari za Philadelphia zaniuma zaidi, kwa kuwa nimesomea ualimu. Katika orodha za wapiga kura yalikutwa majina ya wafu, ya watoto wadogo na ya mbwa. Walimu wapya walidaiwa sehemu kubwa ya mshahara wao wa kwanza ndipo waipate kazi. Mwalimu aliyekinunua kiti chake, je, atawaambia watoto nini juu ya kuiba mtihani? Na watu wa mji huo walijua. Walijua, wakaridhika.

Utasema, haya ni ya Marekani ya zamani na miji yenye magorofa, kwetu kijijini yametufikaje? Nikueleze. Mwaka juzi shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, alikuja ofisini. “Tumsifu Yesu Kristo.” “Milele amina, shemeji, karibu.” Tukajuliana hali, kisha akasema mwanawe amepata nafasi ya kazi, ila umri umemzidi kwa miaka miwili. Nimwandikie cheti cha ubatizo chenye mwaka mwingine. Akaweka shilingi 30,000 chini ya daftari la ubatizo, polepole, kama mtu awekaye yai chini ya kuku.

Nikamwambia, “Shemeji, daftari hili limeandikwa na padre ambaye sasa ni marehemu. Mimi nalinakili tu.”

“Miaka miwili, shemeji! Nani ataumia? Wewe wamjua mtoto, umempakata.”

Hilo ndilo lililonikaba, msomaji. Nilimpakata kweli. Nikazitoa zile fedha nikamrudishia, naye akaondoka bila kuniaga. Kijana hakupata ile nafasi. Mke wangu hakunilaumu kwa neno, lakini mwaka huo Krismasi tulikula peke yetu, na mpaka leo kaka yake haingii kwangu. Wala shemeji si mtu mbaya. Msiba ukitokea yeye huwa wa kwanza kuja na jembe. Hata meya Ames, wagonjwa wake walikuwa na haki ya kumpenda.

Mwisho wa watu hawa haukuwa wa kufurahisha sana. Katika St. Louis, madiwani waliokwisha kuhukumiwa walionekana wamerudi katika viti vyao wakitunga sheria za mji, na hukumu nyingi zilifutwa na mahakama ya juu. Ames alitoroka, akarudishwa, akahukumiwa 1903, hukumu ikafutwa, akaachiliwa. Akafa 1911 katika mji wake. Folk alichaguliwa gavana wa jimbo la Missouri mwaka 1904. Steffens mwenyewe alikwenda Urusi mwaka 1919, akarudi akiyasifu mapinduzi ya huko, na hapo mimi simfuati. Mwenye macho makali nyumbani alipatwa na kiza ugenini. Alifariki mwaka 1936.

Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1931, asimulia kwamba siku moja mjini Los Angeles askofu mmoja alimwuliza: uovu huu wa serikali za miji ulianza na nani? Akajibu kwa habari ya bustani ya Edeni. Watu walisema kosa ni la Adamu, Adamu akamsingizia Eva, Eva akamsingizia nyoka, na hapo ndipo tulipokwama mpaka leo. Yeye alisema kosa ni la tunda. Maana yake, maadamu iko faida kubwa inayoning'inia, kama kibali cha reli, leseni, zabuni ya barabara au kiwanja kizuri, watazaliwa daima watu wa kuichuma, hata ukimfunga huyu na kumfukuza yule. Basi tulitazame lile tunda, na aliyelining'iniza.

Nilimsomea katekista wetu mzee habari hiyo tukiwa tumekaa barazani. Alinyamaza kitambo, akipekecha ugoro wake.

“Mwanangu,” akasema, “na yule kijana Folk, yeye hakuwa katika bustani hiyo hiyo? Mbona hakulila?”

Sikuwa na jibu, na wiki ya tatu hii bado natafuta. Msomaji mwenye nalo asilifiche, alete gazetini tulisome sote.