Injini Ibebayo Nguvu Yake

Watu wengi huhesabu vitu vya kuchezea kuwa mambo ya watoto, na mtu mzima aonekanapo ameinama juu ya gari moshi lenye urefu wa kidole huchekwa kwa siri au hadharani. Kicheko hicho hakina haki. Kitu kidogo kilichoundwa kwa kanuni zile zile zinazotawala kitu kikubwa ni shule njema ya kanuni hizo, kwa kuwa kosa lake huonekana upesi na gharama yake aghalabu huvumilika. Injini ndogo ya mfano iendayo kwa betri ni shule ya namna hiyo. Ndani ya tumbo lake, mahali pasipozidi sana ukubwa wa kibiriti, hukutana mambo manne: chombo cha kuweka nguvu, chombo cha kuitumia, njia ya kuirudisha, na swichi ya kuamua ni lipi litendeke sasa. Matatu ya kwanza hununuliwa dukani. La nne swichi yake hununuliwa pia, lakini mpango wa nyaya zake hutoka katika akili ya mtu. Na juu ya mpango huo hutegemea uzima wa injini, na pengine uzima wa nyumba.

Fikira ya injini kubeba umeme wake si mpya. Robert Davidson, mtu wa Aberdeen katika Uskochi, aliunda mfano wa injini ya umeme katika mwaka 1837, na mwaka 1842 akaleta injini kubwa aliyoiita Galvani, ikajaribiwa katika reli iliyo baina ya Edinburgh na Glasgow. Mwendo wake ulikuwa kama maili 4 kwa saa, mwendo wa mtu atembeaye kwa haraka. Betri zake hazikuweza kujazwa tena. Zinki iliyokuwa ndani yake ililiwa mpaka ikaisha, na zinki ilikuwa ghali kuliko makaa ya mawe. Gaston Planté wa Ufaransa alibuni betri ya risasi iwezayo kujazwa katika mwaka 1859, lakini ilikuwa nzito mno. Kwa hiyo Werner von Siemens alipoonyesha treni yake ya umeme mjini Berlin mwaka 1879, injini haikubeba kitu: umeme uliletwa kwake na reli ya tatu iliyolazwa katikati ya njia. Tangu hapo injini za umeme kwa sehemu kubwa zimekuwa zikilishwa kutoka nje, kwa reli au kwa waya wa juu.

Injini za mfano zilifuata nyayo za wakubwa wao. Treni za Hornby za Uingereza zilizoanza kuuzwa mwaka 1920 zilikwenda kwa kamani kama ya saa, kisha mwaka 1925 zikaja za umeme uletwao na reli. Mpango huo una uzuri wake, kwa kuwa nguvu haiishi maadamu mwenye treni hakuizima. Lakini una ila moja isiyotibika kabisa. Umeme sharti upite kutoka reli hadi gurudumu, mahali ambapo chuma hugusa chuma kwa nafasi ndogo kuliko ncha ya sindano. Vumbi, mafuta na kutu huingia kati, na injini husimama. Injini nzito yenye magurudumu mengi hustahimili. Injini nyepesi yenye magurudumu manne haiwezi. Waundaji wa mifano ya reli nyembamba za Wales, kama ile ya Ffestiniog ambayo upana wake haufiki milimita 600, huilijua taabu hii vizuri. Katika kipimo chao reli hutengenezwa kwa upana wa milimita 9, na injini ipitayo juu yake huweza kukwama kwa sababu ya chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho.

Hapo ndipo fikira ya Davidson iliporudi. Kampuni ya Sony ilipoanza kuuza betri za lithi katika mwaka 1991, nguvu nyingi iliwekwa katika kitu chepesi. Kazi hiyo ilikuwa na thamani kubwa hata John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walioiwekea misingi, wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Leo seli moja ya lithi yenye unene wa milimita chache huingia ndani ya injini ya mfano pamoja na kipokezi cha redio, na reli hubaki kuwa reli tu. Reli ikiwa chafu injini hupita. Ikiwa ya mbao injini hupita.

Lakini uhuru wa namna hii una malipo yake. Injini iliyolishwa na reli haikuhitaji kujua kiasi. Kiasi kilikuwa kazi ya mashine iliyo mezani. Injini ibebayo nguvu yake imebeba pamoja nayo wajibu wa kiasi. Seli ya lithi hutajwa kuwa ya volti 3.7, lakini ikijaa hufika volti 4.2 na isipitishwe hapo. Ikitumika isiachwe kushuka chini ya volti 3. Ikipitishwa juu huweza kuvimba, kutoa moshi na kuwaka. Ikishushwa mno huharibika ndani, na kuijaza tena baada ya hapo ni hatari. Baadhi ya seli huuzwa na kibao kidogo cha ulinzi ambacho hukata umeme seli ikishuka karibu na volti 2.5, lakini kibao hicho ni mlinzi wa mwisho, wala si ruhusa ya kwenda mpaka mlangoni kwake kila siku.

Sasa swichi. Mtu asiyefikiri sana huweka swichi yenye miguu miwili katika waya uendao kwenye mota, kisha huunga tundu la kujazia moja kwa moja katika betri. Injini huenda na betri hujaa, naye huridhika. Ila haionekani mpaka siku ambayo plagi imetiwa na swichi imesahauliwa. Chaja ya betri ya lithi hufanya kazi kwa hatua mbili: kwanza husukuma umeme kwa kiasi kimoja mpaka volti 4.2 zifikiwe, kisha hushikilia volti hizo huku umeme uingiao ukipungua. Ukishuka kufikia kama sehemu moja ya kumi ya kiasi cha kwanza, chaja hujua kwamba betri imejaa na huacha. Kipokezi cha redio kikiwa kimewashwa wakati huo, nacho hunywa kutoka katika kisima kile kile. Chaja haina macho ya kutenga umeme uingiao katika betri na umeme uendao kwa kipokezi. Huona kwamba kungali na mnywaji, wala haiachi. Betri iliyojaa hushikiliwa penye volti 4.2 saa baada ya saa, jambo lifupishalo maisha yake. Wahenga walisema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Chaja haikukusudiwa kushika mawili.

Dawa yake ni swichi yenye miguu mitatu. Upande hasi wa betri, wa kipokezi na wa tundu la kujazia huunganishwa pamoja. Upande chanya wa betri huungwa katika mguu wa kati wa swichi. Mguu wa upande mmoja huenda kwa kipokezi na mota. Mguu wa upande wa pili huenda kwa tundu la kujazia. Swichi ikisukumwa huku, injini huenda, na tundu halina uhai. Ikisukumwa huko, tundu hupata betri, na mota haina kitu. Hapana nafasi ambayo mawili hayo hukutana. Swichi moja yenye urefu wa milimita chache imefanya kazi ya kuwasha, ya kuzima na ya kujaza, na imeifanya bila kumwomba mtu akumbuke jambo lolote.

Hata hivyo mpango huu nao una jambo la kuangaliwa. Swichi iwapo upande wa kujazia na plagi haipo, tundu lina volti za betri. Kipande cha waya au ncha ya bisibisi ikigusa pande zake mbili, umeme wote wa betri hukimbilia hapo. Kwa sababu hiyo tundu liwe la namna ambayo shaba yake imejificha ndani, na fyuzi ndogo iwekwe karibu na betri kabla ya swichi. Bora kuliko hayo, ikiwa nafasi ipo, ni swichi yenye vituo vitatu ambayo katikati haiungi kitu na kitu: huku kwenda, huko kujaza, katikati kupumzika. Kituo cha katikati ndicho kiifaacho injini ikaayo kabatini kwa miezi.

Kiasi cha kujaza nacho kina hesabu yake. Kanuni ya kawaida ni kwamba betri yenye uwezo wa miliampea 150 kwa saa isipewe zaidi ya miliampea 150. Vibao vya kujazia vitumiavyo chipu iitwayo TP4056 ni rahisi na vimeenea, lakini vingi hutoka kiwandani vikiwa na rezista ya omu 1,200, ambayo huruhusu miliampea 1,000: karibu mara saba ya kiasi cha betri hiyo. Rezista hiyo ikiondolewa na kutiwa ya omu 10,000, kiasi hushuka hadi miliampea 130 hivi, na kazi huwa salama. Tofauti baina ya betri iliyolishwa na betri iliyoteswa ni kijiwe kidogo kuliko punje ya mchele.

Katika kazi ya mikono yako mambo mawili ambayo fundi hujifunza mapema au hujifunza kwa hasara. La kwanza, nyaya mbili za betri zisikatwe pamoja kwa mkasi mmoja, kwa sababu chuma cha mkasi huziunganisha; ukatwe mmoja, ufunikwe, ndipo ukatwe wa pili. La pili, rangi isiaminiwe peke yake. Nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi kwa desturi, lakini plagi ndogo za betri hazipangwi namna moja na wauzaji wote, na plagi iingiayo vizuri huweza kuwa imegeuza pande. Mita ya umeme huamua jambo hilo kwa dakika moja. Na hata kazi ikiwa imekamilika, betri hujazwa juu ya kigae au tofali, mbele ya macho ya mtu, si juu ya kitambaa katika chumba cha watu waliolala. Na betri iliyovimba haitumiki tena.

Yamkini itasemwa kwamba mtu makini hana haja ya swichi ya miguu mitatu, kwa kuwa atakumbuka kuzima injini kila atiapo plagi. Atakumbuka kweli, leo na kesho. Lakini injini hukaa miaka, na mikono iishikayo hubadilika: leo ni ya aliyeiunda, kesho ni ya mgeni, kesho kutwa ni ya mtoto asiyejua hata kwamba kuna jambo la kukumbukwa. Umakini wa mtu humfuata mtu aondokapo. Mpango wa nyaya hubaki mahali pake. Mwenye kutegemea kumbukumbu huweka usalama wa nyumba katika kitu kichokacho usiku. Mwenye kupanga nyaya vizuri humfikiria mtu ambaye hatamwona kamwe, akamwondolea kosa kabla hajalitenda. Huo ni wema, ijapokuwa umefichwa chini ya injini, mahali ambapo swichi huwekwa ili isiharibu sura, na hapana apitaye atakayeusifu.

Kwa hiyo mtu aliyeinama juu ya gari moshi lenye urefu wa kidole asichekwe upesi. Huenda anaamua ni waya upi uende katika mguu wa kati.