Nilimwambia aache leo leo

Nikiwa muuguzi mfawidhi, rosta ya wodi niliiandika kwa penseli. Wenzangu walidhani ni mazoea tu, kumbe kila wiki kulikuwa na jina moja la kufuta. Muuguzi wetu mmoja, kijana ambaye hakuwa na mpinzani kwa kutafuta mshipa wa mtoto mchanga, alikuwa anakunywa. Jumatatu asubuhi hakuweza kushika sindano bila mkono kutetemeka, basi nikawa namhamishia zamu ya jioni. Akichelewa, nilimsainia daftari la mahudhurio. Akinuka, nilimtuma stoo akahesabu mashuka, mbali na ndugu wa wagonjwa. Mfukoni hakukosa pipi za mnanaa, na mimi nikajifanya kuamini kwamba anapenda vitamu.

Mambo yalikwenda hivyo karibu mwaka mzima, nami nikijiona dada mwema.

Jumapili moja ndugu wa mgonjwa akaenda kulalamika kwa mganga mfawidhi. Sasa jina lililokuwa hatarini likawa langu. Nilimwita kijana stoo, nikafunga mlango.

"Mdogo wangu, kuanzia leo huonji. Nikisikia harufu tu, nakuandikia barua."

"Nimekuelewa, dada."

Nikamtaka aape. Akaapa, na akatimiza.

Jumatatu alikuja kazini jasho likimtiririka, akaniambia usiku hakupata usingizi. Nikamjibu kwamba hiyo ni adabu inamwingia. Jumanne, tukiwa tunapokezana ripoti, alianguka kati ya troli ya dawa na kitanda namba tatu, akakakamaa, povu likamtoka. Mimi, mwenye miaka 19 kazini, nikaagiza apimwe malaria. Aliyepiga magoti kando yake ni daktari kijana aliyekuwa mafunzoni. "Sista, huyu amekunywa lini mara ya mwisho?"

Nililijua jibu. Sikulitoa papo hapo, maana watu walikuwa wamejaa mlangoni. Ukimya ule nao naungama.

Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla, degedege huja mara nyingi kati ya saa 6 na 48. Baadaye, siku ya pili hadi ya nne, mtu anaweza kuanza kuweweseka na kuona visivyokuwepo, na hali hiyo huua. Tulimchoma diazepamu, tukatanguliza thiamini kabla ya dripu ya glukosi. Hakuna hata kimoja hapo kilichokuwa kigeni kwangu. Nimewafundisha wanafunzi wa uuguzi kwa mdomo huu huu. Angeletwa mtu kutoka kilabuni, swali la yule daktari ningeliuliza mimi kwanza. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 tu, na mwenzangu sikumuuliza hata moja. Niliona nidhamu mahali palipokuwa na ugonjwa.

Watumiaji wa heroini mateso haya wanayaita arosto. Wao tangu 2011 wanapewa methadoni pale Muhimbili, hawafungiwi stoo waape. Pombe nayo ina dawa zake: naltreksoni na akamprosati ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo hilo mwaka 2023. Na muuguzi akikutwa na kifua kikuu, tunamwanzishia dozi, anapumzika, anarudi zamu, wala hatumwiti mzembe. Kijana wangu alihitaji hayo tu: asimamishwe kugusa dawa na sindano ili wagonjwa wawe salama, alazwe aachishwe pombe chini ya uangalizi, apewe likizo ya ugonjwa, na faili lake lisiwe gazeti la korido nzima.

Badala yake alipewa barua ya kujieleza. Niliiandika mimi, siku ya pili, yeye akiwa bado na kanula mkononi. Safari hii nilitumia kalamu ya wino.

Hakurudi wodini. Nasikia yuko kwao, anauza katika duka la dawa la shemeji yake. Kama bado anakunywa sijui, kwa sababu sijapata ujasiri wa kumpigia simu.

Wafawidhi wenzangu, kama kwenye rosta yako kuna jina unalolifuta kila wiki, mpeleke mwenyewe kwa daktari kabla hujamwambia aache.