Kavumu na Njia ya Udaktari

Mtu atokaye Bukavu kwenda Kavumu hushika barabara ya kaskazini, na kwa kitambo ziwa la Kivu humfuata mkono wa kuume. Safari ni ya kilomita 30 hivi. Hupita Mudaka, penye soko. Hufika Miti, ambapo njia ya kushoto hupanda kwenda msitu wa Kahuzi-Biega, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970 kwa ajili ya gorila wake. Kisha huendelea kati ya migomba na mihogo mpaka Kavumu. Juu ya vilima vya upande huo imepandwa miti ya kwinini, ambayo gome lake limepelekwa miaka mingi kwenye kiwanda cha Pharmakina, Bukavu, kutengenezwa dawa ya malaria.

Wageni wengi walijua Kavumu kwa uwanja wake wa ndege tu. Walishuka, wakapanda motokaa, wakaenda zao mjini. Kwa vijana wa Kavumu mambo yalikuwa kinyume. Kwao uwanja ule ulikuwa mlango wa kutokea. Walikua wakitazama ndege zikipaa juu ya mashamba ya baba zao, na kila mmoja alijiuliza siku yake itafika lini.

Mwezi wa Agosti 2024 nilikwenda huko kwa kuitwa. Binti mmoja niliyemfundisha alikuwa amefaulu Mtihani wa Serikali, tena vizuri, naye tangu utoto alitaka kuwa daktari. Baba yake alinitumia neno: “Mwalimu, njoo utusomee barua.”

Nilipofika, mama alinikaribisha, akaweka mbele yangu ndizi na maharage, na hakuna aliyegusia jambo lenyewe mpaka tuliponawa mikono. Ndipo baba akaleta bahasha. Ilikuwa barua ya chuo kimoja cha udaktari cha Asia, iliyopatikana kwa mkono wa wakala. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, nao nyumbani mwao walijua Mashi, Kiswahili na Kifaransa. Wakala alikuwa ametaka fedha za kwanza kabla ya mwisho wa mwezi.

Niliisoma polepole, nikiwafasiria neno kwa neno. Karo ilikuwa ya kila mwaka, wala si ya mara moja kama walivyodhani. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kujifunza lugha ya nchi ile, kwa sababu wagonjwa wa hospitali zake hawasemi Kiingereza. Nauli, chakula na kibali cha kukaa vilikuwa juu ya mwanafunzi mwenyewe.

Baba alinyamaza. Kisha akasema, “Nilikuwa nimekwisha kupata mtu wa kununua shamba la chini, na ng’ombe wawili.”

Mama akatazama wadogo wawili wa binti yule, waliokuwa wamekaa mlangoni na daftari zao. Hakusema neno, lakini sote tulimwelewa.

Binti akasema, “Mwalimu, watu husema aliyesoma ng’ambo huheshimiwa kuliko aliyesoma hapa. Je, si kweli?”

Sikutaka kumjibu kwa haraka. Nikamwomba baba ruhusa, na kesho yake asubuhi tukapanda pikipiki, sisi watatu, tukaenda Katana, mbele kidogo ya Kavumu.

Hapo Katana ipo hospitali ambayo wazee huiita FOMULAC mpaka leo. Jina hilo ni la shirika la utabibu lililoundwa mwaka 1926 na Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubelgiji kwa ajili ya Kongo. Basi ugeni wa udaktari si jambo jipya katika nchi hii. Zamani madaktari walitoka Louvain wakaja kwetu. Siku hizi ni watoto wetu wanaotaka kuondoka kwenda kuutafuta huko uliko.

Nikawaeleza habari ya mwaka 1960. Kongo ilipopata uhuru, nchi kubwa namna hii haikuwa na daktari Mkongo mwenye shahada kamili. Chuo Kikuu cha Lovanium kilikuwa kimefunguliwa Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville siku zile, mwaka 1954 tu, na wanafunzi wake wa udaktari walikuwa hawajamaliza. Madaktari wengi wa Kibelgiji waliondoka kwa ghafula. Waliobaki kando ya wagonjwa walikuwa wauguzi na wasaidizi wa matibabu, watu waliofanya kazi miaka mingi chini ya daktari. Ndipo Shirika la Afya Duniani likapeleka makumi ya wasaidizi hao Ufaransa, wakamalizie masomo na kupata shahada ya udaktari.

“Angalieni jambo moja,” nikawaambia. “Watu wale hawakwenda kujua udaktari ni kitu gani. Walikuwa wamekwisha kukesha na wagonjwa. Walijua walipungukiwa na nini, wakaenda kukichukua.”

Baba akaitikia kwa kichwa. Binti aliuliza, “Na yule wa Panzi?”

Nilifurahi kwamba amemtaja mwenyewe. Hakuna mtoto wa Kivu asiyemjua Daktari Denis Mukwege. Alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mwana wa mchungaji wa Kiprotestanti. Alipokuwa mtoto alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akaona kwamba mgonjwa yule alihitaji pia dawa. Hapo ndipo alipotamani kuwa daktari. Siku zile Bukavu haikuwa na chuo cha udaktari. Basi alisoma ng’ambo, lakini ng’ambo ya karibu: Bujumbura, katika Chuo Kikuu cha Burundi, akamaliza mwaka 1983. Kisha alirudi upande huu kufanya kazi katika hospitali ya Lemera, milimani juu ya bonde la Ruzizi.

Huko Lemera aliwaona akina mama wakifika wakiwa wameumia vibaya kwa uzazi, wengine wakifa kwa kukosa msaada. Jambo hilo ndilo lililomfanya aende mbali zaidi, Angers, Ufaransa, kujifunza utabibu wa wanawake na uzazi. Mwaka 1989 alirudi Lemera. Mwaka 1996 hospitali ile ilishambuliwa katika vita, na wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu. Mwaka 2015, akiwa na miaka 60, alipata shahada ya juu kabisa katika Chuo Kikuu Huria cha Brussels, kwa utafiti juu ya majeraha yale yale aliyoyatibu maisha yake yote. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Watu wa Kavumu wana sababu yao wenyewe ya kuijua Panzi. Kati ya mwaka 2013 na 2016 watoto wa kike wa mahali hapa, wengine wachanga, waliibwa usiku vitandani mwao na kutendewa unyama ambao kalamu huona haya kuueleza. Walipelekwa Panzi. Mwezi wa Desemba 2017 mahakama ya kijeshi, iliyokuja kukaa Kavumu penyewe, iliwahukumu wakosaji kifungo cha maisha. Nilipotaja habari hii baba aliinamisha kichwa. Nilijua kwamba alikuwa akiwafikiria majirani zake.

“Basi,” nikamwambia binti, “ukiuliza kama ni vema kusoma ng’ambo, daktari yule amekwisha kukujibu, kwa maana amesoma katika nchi tatu za ng’ambo. Lakini tazama alivyokwenda. Kila mara alikwenda akijua anafuata nini, na kila mara alikuwa na njia ya kurudi. Watoto wa Kavumu wangepelekwa kwa nani kama Angers ingalimshika asirudi?”

Tuliporudi nyumbani jioni, tuliketi na mama, tukaweka mbele yetu maswali matatu. Nayaandika hapa, kwa kuwa najua bahasha kama ile imefika katika nyumba nyingine nyingi.

Swali la kwanza: chuo chenyewe ni cha kweli? Ipo orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari, ambayo mtu yeyote aweza kuitazama kwa intaneti bila kulipa. Chuo kisichokuwamo kisipewe hata faranga moja. Hata kilichomo, mzazi akiandikie mwenyewe, asimtegemee wakala peke yake.

Swali la pili: fedha zitatosha mpaka mwisho? Udaktari ni miaka sita au zaidi. Shamba likiuzwa mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu kitauzwa nini? Tena dunia hugeuka. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, China ilifunga mipaka yake, na wanafunzi wageni wa udaktari waliokuwa makwao walikaa zaidi ya miaka miwili wakifundishwa kwa kioo cha simu, mbali na wagonjwa. Mwezi wa Februari 2022 vita vilipoingia Ukraine, wanafunzi Waafrika wengi wa udaktari walikimbia na begi moja mkononi.

Swali la tatu: njia ya kurudi iko wazi? Shahada ya ugenini hupelekwa Kinshasa, kwenye wizara ya elimu ya juu, ithibitishwe kuwa ni sawa na ya nchini. Kisha daktari huandikishwa katika Baraza la Madaktari ndipo aruhusiwe kutibu. Na kuna kurudi kwingine kusikoandikwa karatasini. Daktari hujifunza kazi kwa kumsikiliza mgonjwa. Bibi wa Kavumu atamweleza maumivu yake kwa Mashi. Aliyejifunza kando ya vitanda vya Bukavu humwelewa mapema. Aliyejifunza mbali lazima aanze kujifunza upya.

Binti alifikiri sana. Siku hizi Bukavu haiko kama wakati wa ujana wa Daktari Mukwege. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilianzishwa mwaka 1989, na Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika mwaka 1991. Vyote viwili hufundisha udaktari, na vipo karibu na nyumbani.

Mwisho baba alinena. “Miti ile ya kwinini,” akasema, “wazee walituambia imetoka Amerika ya Kusini. Ililetwa hapa, ikashika mizizi, nasi tukapata dawa. Mimi sikatai kitu cha mbali, ila nataka kipandwe hapa.”

Shamba halikuuzwa. Binti alianza masomo Bukavu mwaka ule ule.

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo, maana kubaki nako kuna taabu zake. Katikati ya Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha mji wa Bukavu. Masomo yalisimama. Wapo waliomwambia baba yule kwamba alikosea, na kwamba binti yake angalikuwa salama ng’ambo. Yeye hakubishana nao. Masomo yalipofunguliwa tena, binti alirudi darasani.

Baadaye aliniandikia maneno machache: “Mwalimu, huenda siku moja nami nitakwenda mbali. Sijui bado nitafuata nini. Lakini sitaondoka kabla ya kulijua hilo.”

Watu wa pwani husema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wazazi, msiwafungie watoto wenu njia ya ng’ambo. Elimu njema haina mpaka. Nanyi wanafunzi, kabla hamjauliza ni ndege gani itawachukua, ulizeni ni mgonjwa gani anawangojea, na ni njia gani itawarudisha kwake.