Siku Kumi za Kumchungulia Mbwa wa Jirani

Tangu nistaafu ukuu wa chuo cha ualimu nina desturi ya kutembea asubuhi na mbwa wangu Popi, kwa njia ya udongo mwekundu inayopanda kutoka Karatu kuelekea msitu wa Ngorongoro. Namfunga kamba, na vijana hucheka kwamba Mwalimu amegeuka Mzungu uzeeni. Mimi niliogopa nyati, na tembo wanaotoka msituni usiku kula mahindi ya watu. Hatari ilitoka kwenye lango la jirani.

Lilikuwa dume kubwa la rangi ya majivu. Lilimkamata Popi shingoni na kumtikisa kama gunia tupu. Sikumbuki nilipiga fimbo mara ngapi. Nilipotia mkono kuwatenganisha, ulirudi unavuja damu, na hadi leo sijui ni jino la yupi.

Nilimfokea jirani yangu, mama mjane, mbele ya watoto wake: mbwa wako ana chanjo? Hakuwa nayo. Bwana mifugo alipofika aliniomba kadi ya Popi. Msomaji, mimi niliyetunza majalada ya wanachuo miaka yote ile bila kupoteza hata moja, kadi yangu ilikuwa imepitwa na wakati kwa miaka miwili.

Hospitali waliniosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, kisha sindano ya kwanza, na nyingine kwa tarehe nilizopangiwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Mbwa wote wawili wafungwe, akasema bwana mifugo, wachunguzwe siku kumi: mbwa ambaye mate yake yalikuwa na ugonjwa siku alipouma, hamalizi siku hizo akiwa mzima. Akanikumbusha mwaka 1994, ugonjwa wa distempa ulipoua takriban theluthi ya simba wa Serengeti, na wataalamu wakaufuatilia hadi kwa mbwa wa vijijini. Mbwa kama Popi.

Basi kila asubuhi nilikwenda kuchungulia juu ya ua wa jirani. Siku ya kwanza nilitamani kumtilia mnyama yule sumu. Siku ya pili nilikuwa namwombea uhai.

“Shikamoo, Mwalimu. Amekula. Na maji amekunywa.”

“Marahaba, mama. Asante.”

Siku ya sita nilimwomba radhi kwa maneno yangu. Alinipa kigoda na chai. Siku ya kumi wote wawili walikuwa wazima, na siku ya chanjo tulikwenda pamoja, mimi na Popi mbele, yeye na dume lake nyuma, mbali kidogo.

Lakini Popi hakutaka tena kuvuka lango letu. Nilidhani ni woga wake. Kisha nikagundua kwamba mbwa yeyote akibweka, mimi huvuta kamba kabla yeye hajainua sikio. Miaka mingi niliwaambia walimu wanafunzi kwamba ukiingia darasani unatetemeka, darasa litajua kabla hujaandika tarehe ubaoni.

Ilichukua muda. Juzi tulifika tena kwenye lango lile. Popi akasimama. Nami nikasimama, kamba nikaiachia ilegee hadi ikagusa udongo. Ndani ya ua dume lilibweka mara moja. Popi alinusa nguzo ya lango, akachuchumaa, akakojoa bila haraka, tukaendelea kupanda.