Bure Hadi Lini?

Ukishuka stendi ya Buzuruga, hapa Mwanza, ukaingia mitaani, utakutana na fremu nyingi zilizofungwa, kufuli zimeota kutu. Watu wakiziona huniambia, "Si wapewe wasanii bure?" Kazi yangu ndiyo hiyo. Nawafuata wenye majengo, naomba funguo, nawagawia wachoraji, wachongaji na vikundi vya ngoma. Jengo likitakiwa, mimi ndiye ninayewaambia wahame.

Lakini hiyo bure ina gharama. Anzeni kwa kutazama mita ya LUKU. Mwenye fremu akisema bure, kweli pango hadai. Lakini tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na miezi ambayo hakuna aliyenunua umeme inageuka deni. Mchoraji anaweka umeme wa elfu tano achore usiku, uniti zinazorudi hazimtoshi hata wiki, kwa sababu hela nyingine imelipia kodi ya jengo lisilo lake. Kisheria kodi hiyo ni ya mmiliki. Nani atamdai mtu aliyemkaribisha bure?

Halafu kuna ukubwa. Fremu ilijengwa ziuzwe humo vocha na sabuni. Tuliwahi kuwapa fremu vijana wa bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma ya majembe. Jembe linarushwa juu, linadakwa, linazungushwa. Siku ya kwanza tu jembe likatoboa dari. Wakatoka kufanyia mazoezi uani, majirani wakalalamikia kelele, mwenyekiti wa mtaa akaitwa. Fremu ikabaki stoo. Masika yalipofika bati likavuja, ngozi za ngoma zikanywa maji na kulegea. Ngoma iliyolegea haina sauti. Inabidi uwashe moto uipashe joto hadi ikaze, na moto ndani ya fremu hauwashwi.

Hayo yote tunayavumilia. Kinachotuua ni kutojua tutakaa hadi lini.

Fremu ikikaa tupu, hakuna anayeitaka. Tukiingia sisi, tunaziba bati, tunapaka rangi, tunabadili kitasa, watu wanaanza kupita kutazama picha. Dalali naye anapita. Mwaka juzi mwenye jengo mmoja alinipigia simu jioni: amepata mpangaji wa kufungua duka la dawa, anaingia kesho. Kulikuwa na mchongaji mle ndani aliyekuwa na gogo la mninga nusu ameshalichonga, zito halibebwi na watu wawili. Tulikodi guta usiku. Gogo likalala nje kwa shangazi yake, likapigwa na jua, likapasuka kuanzia kichwani mwa sanamu hadi kifuani. Miezi ya kazi ikaishia jikoni, kuni. Mwenye jengo hakuvunja mkataba wowote. Haukuwepo.

Watu hunitajia Nafasi Art Space ya Mikocheni, Dar es Salaam, au GoDown ya Nairobi iliyoanza 2003 kwenye ghala la zamani. Ni mifano mizuri, nami naiheshimu. Nafasi ipo tangu 2008, na msanii hawezi kujenga jina kwa kuhamahama kila msimu. Lakini kumbukeni pia Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam 1972 na Sista Jean Pruitt. Mchoraji George Lilanga alipitia pale. Jengo la Nyumba ya Sanaa lilikuwa mahali ambapo ardhi ni ghali mno, na leo wasanii hawana tena nyumba hiyo.

Huku kwetu Kanda ya Ziwa kuna maghala na vinu vya pamba vilivyobaki tangu enzi za ushirika, vyenye paa la juu na sakafu pana. Jembe la bugobogobo lingepaa humo bila kugusa kitu. Nayataka hayo kuliko fremu kumi.

Siku hizi mwenye jengo akiniambia bure, natoa karatasi: miezi mingapi, notisi ya muda gani, deni la LUKU ni la nani, na saini ishuhudiwe ofisi ya serikali ya mtaa. Wengi husema, "Tutaona mbele ya safari." Funguo za hao sichukui, hata wasanii wakinilaumu.