Kinanda cha Umeme Huitengenezaje Sauti?

Hapa Tunduma, mpakani pa Zambia, vinanda vya umeme vimeingia makanisani, na katika kwaya yetu vimeleta mashindano. Wazee husema, "Chombo hiki ni mwigaji tu, chatoa sauti ya tarumbeta, na tarumbeta yenyewe haipo." Vijana nao hudhani ya kuwa kinanda kikiwapo, hapana haja tena ya kujifunza kuimba. Mimi niifundishaye kwaya hiyo naona yafaa tujue kwanza chombo chafanyaje kazi, ndipo tuhukumu.

Kanuni yake yaonekana wazi katika sintesaiza ya vipande, ambayo Robert Moog alianza kuitengeneza huko Marekani mwaka 1964. Ndani yake kila kazi ina kisanduku chake, na visanduku huunganishwa kwa nyaya.

Cha kwanza ni osileta. Hiyo huutikisa umeme kwa kipimo: ukitikisika mara 440 kwa sekunde, twasikia noti ambayo wapigaji wengi huitumia kulinganisha vyombo vyao. Katika chombo cha Moog, ukiongeza volti moja mitikisiko huwa maradufu, na sauti hupanda oktava moja, yaani toka do ya chini hata do ya juu. Lakini osileta haijui kunyamaza. Hulia mfululizo, kama chemchemi itiririkavyo usiku na mchana.

Kwa hiyo chahitajiwa kisanduku cha pili, amplifaya, kilicho kama mlango wa mfereji wa bustani. Ukifungwa, hapana sauti. Ukifunguliwa kidogo, hupita kidogo. Na mkono uinuao mlango ule ni kisanduku cha tatu, envelopu. Huuongoza kwa hatua nne: sauti hupanda, hushuka kidogo, hukaa maadamu kidole kingali kimebonyeza, kisha hufifia kidole kiondokapo.

Basi noti ile ile ikipanda ghafula na kufifia mara moja, sikio lasikia kitu kilichopigwa, mfano wa marimba. Ikipanda polepole na kukaa, lasikia kitu kipulizwacho au kiimbwacho. Vinanda vya siku hizi aghalabu hufanya hayo kwa hesabu za kompyuta, wala si kwa nyaya, lakini hatua zile zingali zatumika.

Wazee wetu, huu si udanganyifu. Ni elimu ya mwanzo na mwisho wa sauti. Nanyi vijana, jueni kwamba kila mwimbaji anavyo vitu hivyo: nyuzi za kooni zitikisikazo, pumzi izitiayo nguvu, na nia iongozayo pumzi. Waimbaji wakianza kila mmoja kwa wakati wake na kuiacha noti ovyo, kinanda hakiwezi kuwaponya. Ndiyo sababu kila Jumamosi twajizoeza kwanza noti moja tu, bila kinanda: kuianza pamoja, kuishika pamoja, na kuiacha pamoja.