Wifi, jinzi situmi

Wifi yangu wa Kawe,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na honi za bodaboda na yule muuza samaki aliyekukatiza katikati. Unataka nikununulie jinzi mbili tatu za huku, nimpe mtu anayekuja Dar, kwa sababu eti za Ulaya ndizo zenyewe. Halafu ukashusha sauti na kuniuliza iwapo bibi mwenye wajukuu anaweza kuvaa jinzi akakatiza Ukwamani mchana kweupe, maana binti yako ameshakucheka. Jinzi vaa. Kutuma situmi.

Usinune kwanza. Dera naweza kukuchagulia nimefumba macho. Mtandio hali kadhalika, na hata viatu, ukinichorea unyayo kwenye karatasi ukanitumia picha. Jinzi inataka mwenye mwili awepo, akae, achuchumae, ainame kama anayefunga kamba za viatu. Mnadhani huku kuna ghala la suruali zinazomkaa kila mtu! Hapa Leicester wanawake wa rika letu huingia chumba cha kujaribia na mzigo mkononi, wakatoka mikono mitupu, nyuso zimewashuka. Duka hili namba 16 inanipwaya, duka la jirani 16 hiyo hiyo inagoma mapajani. Na namba zenyewe hazisemi lugha moja: 16 ya Uingereza ni kama 12 ya Marekani, 42 ya Ujerumani na 44 ya Ufaransa, na zipo nyingine zinazohesabu inchi za kiuno tu. Belo moja la mitumba huzibeba zote kwa pamoja. Kwa hiyo ukiona lebo ya namba, isome kisha uisahau.

Tumalizane na binti yako. Mwambie jinzi ina umri mkubwa kuliko bibi yake na bibi wa bibi yake. Fundi nguo Jacob Davis na mfanyabiashara Levi Strauss walipata hataza ya suruali zenye ribiti za shaba kwenye mifuko tarehe 20 Mei 1873, nazo zilikuwa nguo za vibarua na wachimba madini. Ya kwanza ya kampuni hiyo iliyokatwa kwa ajili ya mwanamke ilikuja mwaka 1934. Yaani miaka sitini nguo hii ilikatwa kwa kufuata mwili wa mwanamume usio na nyonga, na mpaka leo utaona jinzi nyingi bado zinatushangaa tukiingia ndani yake.

Kuhusu kuchekwa, haya hayakuanza leo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 vimini, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana vilikuwa marufuku Dar es Salaam. Hata kabla tarehe haijafika, vijana walishaanza kuwavamia wanawake kwenye vituo vya mabasi Kariakoo mpaka polisi wakaitwa. Sisi tulikuwa wadogo, ila dada zetu wakubwa waliyaona. Muda si mrefu zikaingia suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, na waliokuwa wakisimamia maadili wakajikuta watoto wao wamezivaa. Kila kizazi cha Dar kimepata suruali yake ya kugombezwa. Zamu hii anayegombezwa ni mama na anayegombeza ni binti, basi.

Halafu kuna bodaboda. Mama mwenye sketi nyembamba hukaa upande, miguu yote imening'inia upande mmoja, dereva anakata kona ya Tanganyika Packers na pikipiki imeelemea. Mwenye suruali anapanda kama wanaume, magoti yamebana, mikono imeshika. Wewe mwenye nyonga inayouma, hii peke yake inatosha kumnyamazisha binti.

Sasa twende sokoni. Unazozitamani za Ulaya ziko mbele ya pua yako. Nguo wanazozitoa watu huku kwenye maduka ya hisani, zisipouzika, huchambuliwa, hubanwa mabelo na kupanda meli. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliamua kuondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kufunga mlango wa AGOA, ule mpango wa kuuza kwake bila ushuru, na nchi zikarudi nyuma isipokuwa Rwanda. Mitumba ikabaki. Na cha ajabu zaidi, pale Mabibo, ndani ya eneo la viwanda la Benjamin Mkapa, kiwanda cha Tooku kimekuwa kikishona jinzi za kupelekwa Marekani. Haishindikani suruali ikashonwa na binti wa Manzese, ikavaliwa na mama wa Texas, ikarudi ikaning'inizwa Karume, Ilala, wakati wewe unangoja mimi nikununulie Leicester.

Nenda Karume asubuhi, kabla wanaopointi hawajamaliza zile nzuri. Kawe sokoni pia zipo, ila chache. Beba futi ya fundi kwenye pochi. Ile mbinu ya kuzungusha kiuno cha suruali shingoni, miisho ikikutana nyuma basi inakutosha, iache kwa wasichana. Baada ya hedhi kukoma mafuta huhama: hutoka mapajani na makalioni yakahamia tumboni, na shingo haina habari na hayo mabadiliko. Jipime mwenyewe nyumbani sehemu mbili, tumboni kwenye kitovu na nyonga pale palipo pana kuliko pote, kisha pima suruali sehemu hizo hizo.

Kipimo ambacho wengi hawakijui ndicho muhimu kuliko vyote kwa umri wetu: kutoka mshono wa katikati ya mapaja kupanda hadi juu ya kiuno, upande wa mbele. Ikiwa inchi 7 au 8, hiyo ni ya chini. Itakaa chini ya tumbo na kulisukuma juu, na ukiinama kuokota kikapu, mgongo wote uko hadharani. Tafuta inchi 10 hadi 12. Hiyo hupanda mpaka kitovuni, ikalishika tumbo badala ya kulikata vipande viwili. Wanawake wengi wanaosema "jinzi hainipendezi" walijaribu za chini, kwa sababu ndizo zilizokuwa fasheni mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwenye mabelo bado zipo.

Ukishapata kimo, angalia kitambaa. Denimu hupimwa kwa wakia kwa kila yadi ya mraba. Nzito za kazi ni wakia 12 hadi 14. Huku zinatufaa, tunavaa na soksi za sufu ndani. Kwa joto la Kawe la Februari hiyo ni adhabu. Lebo haitakuambia uzito, kwa hiyo kunja mguu wa suruali mkononi: ukisimama wenyewe kama ubao, rudisha. Lebo itakuambia mchanganyiko, na pamba asilimia 98 na elasteni 2 inatosha. Mpira ukizidi, suruali inahifadhi jasho na magoti yanatuna kabla jua halijazama. Huo uzi wa kuvutika uligunduliwa na Joseph Shivers kwenye kampuni ya DuPont mwaka 1958, na una adui mkubwa: joto. Huku tunakaushia nguo kwenye mashine za joto, zinaua mpira polepole. Basi ivute jinzi ya mtumba kiunoni, uiachie. Isiporudi, au ukiona ukingo umekuwa na mawimbi, muachie muuzaji hata akikupa kwa bei ya kutupa.

Chagua rangi ya bluu iliyoiva, isiyo na machirizi meupe kwenye mapaja. Yale machirizi hulipeleka jicho pale pale usipotaka liende. Mifuko ya nyuma tazama vizuri: midogo sana huyafanya makalio yaonekane makubwa, iliyoachana mno huyapanua, na iliyoshuka huyashusha. Ya kadiri, iliyopanda juu, ndiyo sawa. Zile za kuchanikachanika magotini, wifi, mimi ninaziheshimu kwa vijana. Modo nazo sizitaki kwetu. Zinakaba vigimbi, na mwenye miguu inayovimba jioni atazivua kwa msaada wa watu. Chukua mguu ulionyooka kutoka nyonga hadi chini, au unaopanuka kidogo. Kaka yako ameniambia nisiandike habari za makalio gazetini. Nimemwambia aendelee na mpira wake.

Kisha fundi. Hapa nyie mmetuzidi kabisa. Huku kupunguza kiuno cha suruali kunaweza kugharimu kuliko suruali yenyewe, kwa hiyo watu huvaa zisizowakaa. Wewe una fundi mwenye cherehani kila mtaa. Ununue jinzi inayokaa vizuri pale ulipo mpana kuliko pote, kwingine kote utamwachia yeye. Kama wewe ni mwenye nyonga, kiuno kitabaki na uwazi nyuma wa kupitisha mkono. Mwambie afungue ukingo wa nyuma, apunguze kwenye mshono wa katikati, atie na lastiki fupi ndani. Kama umenona tumboni na miguu imekonda, apunguze mishono ya ndani kuanzia magotini kushuka, asiguse mapaja. Kwenye urefu mwambie aishushe mpaka kwenye kifundo cha mguu ukiwa umevaa viatu utakavyovaa kweli, na ile pindo ya asili aikate aishonee tena, isionekane imeguswa. Atumie sindano namba 16 na uzi mnene. Akitumia ya vitenge itavunjika, na atakulaumu wewe. Faida ya mtumba ni kwamba umeshaoshwa na umeshasinyaa. Unachopima ndicho utakachobaki nacho. Nyumbani uifue ikiwa imegeuzwa ndani nje, uianike kivulini. Jua la Kawe hunywa rangi.

Cha kuvalia juu nimejifunza barabara ya Belgrave, hapa hapa Leicester, kwenye maduka ya sari na dhahabu. Wengi waliolijenga eneo lile ni Wahindi waliofukuzwa na Idi Amin Uganda mwaka 1972. Halmashauri ya mji ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije huku. Wakaja, na leo mji unajitangaza kwa sherehe zao za Diwali. Ukisikia bibi kizee anamwita mwenzake kwa Kiswahili kwenye foleni ya bamia, utageuka. Bibi hao huvaa kurta hadi chini ya makalio, iliyopasuliwa pembeni mpaka nyongani, chini jinzi iliyonyooka, miguuni raba. Nyonga zimefunikwa, hatua haibanwi, heshima ipo, na hakuna anayewauliza umri.

Mwambie fundi wako akushonee hiyo hiyo kwa kitenge chepesi, au kwa kanga ya pamba ambayo jina lake hulipendi tena. Iishie pale paja linapoanza au chini zaidi. Ikiishia katikati ya nyonga inachora mstari pale pale ulipo mpana. Ukiwa na blauzi fupi, ichomeke mbele kidogo na uiache nyuma. Shati jeupe la mikono mirefu lililokunjwa mpaka viwiko linamkaa kila mwanamke niliyewahi kumwona. Makobazi mchana, raba za safari, na viatu virefu vikae sandukuni.

Msibani usiende nayo; huko kanga zina kazi yake. Ofisi za serikali zina mabango mlangoni kuhusu suruali za kubana, na sitaki urudishwe getini baada ya kupanga foleni tangu alfajiri. Kanisani au msikitini unajua wenyewe wanavyotazama, amua. Lakini sokoni, hospitalini, safari ya Tanga kwa basi, pwani na wajukuu Jumapili, vaa.

Hela ya fundi nimekutumia kwa simu asubuhi hii. Ni ya fundi, siyo ya sare za kikundi chenu.

Wifi yako,
Leicester